Siku Nilipomsalimia Mgombea Mwenza

Wakati huo nilikuwa bado na kipindi redioni. Kilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwenye kituo kidogo hapa Shinyanga mjini, juu ya duka la pembejeo za pamba. Wageni wetu wote, wachungaji, wakuu wa idara na wauza nguo za mitumba, walifika studio wakinuka dawa ya wadudu. Tulikuwa na mnara mwingine upande wa Kahama, kwa hiyo kukiwa hakuna mawingu sauti yangu ilifika Segese, kwenye machimbo, na hata Ushirombo kwa wale waliojua kupanda na redio juu ya kichuguu.

Sina kipindi tena. Chanzo ni mgombea mwenza mmoja, yaani yule aliyesimama ubavuni mwa mgombea urais ili awe makamu wake. Sitamtaja jina wala chama. Wenyewe watajijua, na wasiojijua watadhani nawasema wapinzani wao.

Msimu ule wa kampeni watu wetu walikuwa na shaka naye. Si kwamba walimchukia. Kumchukia mtu lazima uwe umemsikia kidogo, na huyu alikuwa hasikiki. Alipita Shinyanga na msafara mrefu wa magari, kioo kikashushwa nusu, ukatoka mkono ukapunga. Huko Segese alishuka, akasema maneno ya dakika nne, kisha muziki ukapigwa saa nzima. Waandishi tulikaa chini ya jua na vinasa sauti vyetu, tukaambiwa mheshimiwa ana ratiba iliyobana. Nilikwenda stendi ya bajaji kuchukua maoni ya wananchi, nikamuuliza dereva mmoja kama anaona mgombea huyo yuko tayari kuwa makamu wa rais. Alifikiri, akaniambia: "Dada, mimi nimeona mkono tu. Mkono uko tayari."

Nilirusha maoni hayo asubuhi yake, na simu hazikukatika. Mmoja aliuliza kama mgombea ni mgonjwa. Mwingine akasema anatunza sauti kwa ajili ya bungeni, akarekebishwa na mwenzake kwamba makamu hakai bungeni, wakabishana mpaka nikawakatia simu wote wawili. Mwalimu mstaafu wa Kishapu aliuliza kwa upole: ikiwa mtu anaogopa mtangazaji wa Shinyanga, atakaa vipi na marais wenzake? Nilijidai kukasirika kwa niaba ya watangazaji wa Shinyanga, lakini swali lilinifurahisha. Nilikuwa mwepesi sana wa kufurahia udhaifu wa watu.

Siku mbili baadaye akapiga mama mdogo.

Huyu ni mdogo wa mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa bado sijaanza shule. Anaishi Segese. Pamoja na kundi la wanawake wenzake wanaponda magwangala, yale mawe yanayotupwa na wakubwa wakishachukua dhahabu yao, wakitafuta chembe zilizosahaulika. Redio yao wanaining'iniza kwenye mti wa kibanda chao, na nilipokuwa hewani hakuna aliyeruhusiwa kuhamisha stesheni. Kwa miaka yote niliyotangaza, mama mdogo hakuwahi kupiga simu kituoni. Aliona kama ni kunifuata ofisini kuniomba chumvi.

"Mwangaluka," akaanza, na mimi, hewani, na matangazo ya biashara yakiwa yananisubiri, nikaitikia salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma kama anavyotaka. Mwangaluka, mayu, yaani mama yangu. Mhola? Mhola duhu, salama tu. Watoto? Wazima. Mvua huko? Bado. Wanaokuhudumia hapo redioni, wazima? Wazima, mayu. Nyumbani kwetu salamu haikatizwi. Nikiwa mtoto, nikiingia ndani nimepayuka salamu nusu, mama mdogo alikuwa akininyooshea kidole mlangoni: "Rudi nje. Uingie tena." Siku moja nilitoka na kuingia mara tano, na uji ukapoa, na hakuna aliyenionea huruma.

Salamu zilipokwisha akatoa swali lake. Alilieleza kwanza. Kwenye machimbo yao kulikuwa na mwenye duara, yaani mwenye shimo la kuchimba, aliyeugua ghafla akapelekwa Mwanza. Nafasi yake ikashikwa na msaidizi wake. Msaidizi huyo alichaguliwa kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na pikipiki, lakini alikuwa hajawahi kushuka chini ya shimo hata siku moja. Asubuhi ya kwanza wachimbaji walikusanyika na kamba zao, wakamtazama. Naye akawatazama. Akasema, "Sasa?" Wakangoja. Akasema tena, "Sasa?" Siku ya tatu shimo halikuwa na mtu.

"Kwa hiyo mimi nataka umuulize huyo mgombea wenu jambo moja," alisema mama mdogo. "Siku mkubwa wake akiwa hayupo, asubuhi ile ya kwanza, ataanza na nini? Asiniambie atafanya nini kwa miaka mitano. Asubuhi ile tu."

Nilisema hewani, nusu ya kanda ikinisikia: "Nitamuuliza, mayu. Nakuahidi." Nyuma yake nikasikia wanawake wakipiga vigelegele, na mmoja akisema, "Mtoto wako huyo!" Sauti yake ya kuagana ilikuwa na majivuno ambayo sijawahi kuyasikia kwake, hata siku nilipohitimu.

Kumpata mgombea kulinichukua majuma matatu. Nilipiga simu, nikaandika barua, nikaenda kusimama kwenye geti la nyumba ya wageni alikolala. Kila mara nilikutana na mtu mmoja yuleyule, afisa habari wa kampeni, bwana mwenye kizibao cha mifuko kumi na mbili isiyo na kitu ndani. Kazi yake, nilivyoielewa, ilikuwa kuzuia habari zisitoke. "Mheshimiwa ni mtu wa kusikiliza zaidi kuliko kuongea," aliniambia. Nikamuuliza anamsikiliza nani, maana hata sisi hatujapata nafasi ya kumwambia kitu. Akaandika hilo kwenye daftari, akaniahidi kulifanyia kazi.

Kisha siku moja akaja mwenyewe kituoni, akapanda ngazi akipiga chafya kwa ile dawa ya wadudu, akaweka mezani kwa meneja bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na flashi na karatasi.

Karatasi ilikuwa na maswali saba. Flashi ilikuwa na majibu saba, kwa sauti ya mheshimiwa mwenyewe, yote kwenye rekodi moja ndefu, kila jibu likifuatiwa na ukimya wa kumtosha mtangazaji kusimamisha. Kazi yangu ilikuwa kusoma swali la kwanza kama linatoka kichwani mwangu, kubonyeza, kusimamisha, kusoma la pili, kubonyeza, mpaka mwisho. Msikilizaji angeamini tumekaa mezani pamoja tunakunywa chai.

"Ni mahojiano," alisema afisa habari. "Tofauti ni kwamba yameandaliwa."

Nikasema kuna swali moja la msikilizaji ambalo halipo hapa. Akasoma nilivyoliandika, akafikiri, akasema swali hilo ni la kichochezi kwa sababu linadhani mkubwa anaweza kuwa hayupo. Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo kazi ya makamu, na kwamba nchi hii haihitaji kuelezwa jambo hilo na mtangazaji wa Shinyanga. Meneja akanikanyaga mguu chini ya meza. Hakuna kituo kingine mkoani kilichokuwa kimempata mgombea huyo, na sisi tungempata, hata kama ni kwenye flashi.

Nilipaswa kukataa. Nimelisema hilo mara nyingi peke yangu nikifua nguo. Ukweli ni kwamba nilikubali, na sababu haikuwa kukanyagwa mguu. Nilitaka watu waseme mimi ndiye niliyempata. Nikajidanganya kwamba nitachomeka swali la mama mdogo mwishoni, halafu nione.

Asubuhi ya mahojiano nilikuwa peke yangu studio, maana kwetu mtangazaji ndiye fundi na ndiye mfagiaji. Meneja alikuwa ametangaza kwa siku nne kwamba mgombea mwenza atakuwa nasi mubashara. Baadaye niliambiwa kwamba Segese karasha, zile mashine za kusaga mawe, zilizimwa ili watu wasikie. Nikawasha kipaza sauti, nikamtambulisha kwa cheo na kwa sifa. Na baada ya hapo, kwa mazoea ya maisha yangu yote, kabla sijafikiri, nikasema:

"Mwangaluka, mheshimiwa."

Nikanyamaza, nikimpa mgeni nafasi ya kuitikia.

Mgeni alikuwa flashi. Nilikumbuka hilo wakati ukimya ulikuwa umekwishafika hewani, na mtangazaji anaogopa ukimya kuliko moto. Kidole changu kikabonyeza chenyewe.

"Asante sana kwa swali lako zuri," ikasema sauti ya mgombea, nzito, yenye utulivu. "Kwa kweli sikulitegemea. Nilipolipata nilipiga magoti, nikamwomba Mungu, nikashauriana na familia yangu, na baada ya siku kadhaa za tafakuri ndipo nikapata ujasiri wa kuitikia."

Nikasimamisha. 

Ningeweza kurudisha rekodi mwanzo. Lakini jibu hilohilo lingesikika mara mbili, na hata mbuzi wa Kizumbi wangejua tunapiga rekodi. Kwa hiyo nikasonga mbele, nikasoma swali la kwanza: nini hasa kilimsukuma kukubali kugombea? Nikabonyeza. Mheshimiwa akajibu kwamba chanzo ni mkandarasi aliyechelewa, na kwamba hatua kali zitachukuliwa dhidi yake. Nikauliza kuhusu barabara za vumbi. Akasema vitachimbwa visima virefu, na maji yatabubujika mpaka mlangoni mwa kila kaya. Nikauliza maji ya bomba yatafika lini vijijini. Akasema yatanyunyiziwa mapema msimu ujao, mara tatu, kabla wadudu hawajashambulia vitumba vya pamba. Bei ya pamba? Kila mmoja atapewa kofia ngumu na mafunzo ya kupanga nguzo asifukiwe. Na wachimbaji wadogo, mheshimiwa, unawaahidi nini? Akawaahidi wodi ya kisasa ya kujifungulia.

Nilikuwa nikisikia ninachofanya. Kila swali nililiuliza kwa sauti tamu zaidi kuliko lililotangulia, kama mtu anayezidi kutabasamu kwa sababu amekanyaga mavi na hataki ijulikane. Nilipouliza kuhusu akina mama na vijana, mheshimiwa aliwatakia kila la heri, akawaombea baraka, akaaga. Flashi ikaisha.

Nilikuwa nimebaki na swali moja la kwenye karatasi, na sikuwa na jibu lolote. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama mdogo. Nikaona kama nimepewa nafasi. Nikasogea kwenye kipaza sauti, nikalisoma swali lake vizuri, neno kwa neno: siku mkubwa wako akiwa hayupo, asubuhi ile ya kwanza, utaanza na nini?

Kisha nikaacha ukimya upite. Niliuacha kwa makusudi, nikahesabu mpaka kumi na mbili. Nikasema, "Naam, wasikilizaji, naona mawasiliano na mheshimiwa yamekatika," nikaweka kwaya.

Afisa habari alipiga simu kabla kwaya haijamaliza ubeti. Nikajua nimekwisha. "Hongera sana," akasema. "Mheshimiwa amefurahi mno. Anasema amejieleza vizuri." Nikamuuliza kama mheshimiwa amesikiliza. Akasema hajasikiliza, lakini amefurahi. Yeye mwenyewe alisikia mwisho tu, akapenda jinsi nilivyomalizia.

Wapo wasikilizaji ambao hawakuona kasoro yoyote. Walisema ni mgombea wa kawaida, na kwamba kwa umri wao hawajawahi kumsikia mwanasiasa akijibu swali aliloulizwa. Mmoja aliandika ujumbe kwamba majibu yalikuwa mazuri, tatizo ni mtangazaji kuuliza maswali yasiyoendana. Wodi ya wachimbaji iliwagusa watu, na nasikia huko Bukombe kuna kijiji ambako wamekwisha kuchagua kiwanja.

Ila salamu haikumpita mtu. Mjini sokoni, siku hiyohiyo, nilikuta wauza dagaa wamekamatana mabega wakicheka. "Umesalimiwa tu mwangaluka," mmoja alikuwa akisema, "unapiga magoti, unaomba Mungu, unaita kikao cha familia! Sasa nchi ikivamiwa itakuwaje?" Mwenzake akajibu kwamba ikivamiwa adui atashukuriwa kwa swali lake zuri. Kufikia Ijumaa maneno hayo yalikuwa stendi, kanisani, kwenye mnada wa ng'ombe. Walioanza msimu wakiwa na shaka sasa walikuwa na uhakika. Na uhakika huo niliutengeneza mimi, kwa kidole changu, juu ya duka la dawa za wadudu. Yule mgombea anaweza kuwa alikuwa tayari kuliko wote. Sijui. Mpaka leo sijui, kwa sababu sikumuuliza.

Nilimwendea meneja nikamwambia tuwaombe radhi wasikilizaji. Akasema hakuna kosa, kulikuwa na hitilafu ya mawasiliano, mimi mwenyewe nilisema hewani. Akanishauri nisubiri uchaguzi upite. Nikakubali tena. Nilikuwa nimeanza kuzoea kukubali.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Segese. Njiani nilipanga maneno: kwamba swali lako nililiuliza, mayu, ahadi niliitimiza, ni mawasiliano tu. Yalikuwa yamepangika vizuri kabisa.

Nilifika mchana. Wanawake walikuwa kwenye kibanda chao, nyundo zinagonga, vumbi jeupe limewakaa kwenye kope. Redio ilikuwa kwenye mti wake, imezimwa. Mama mdogo alikuwa katikati, ameketi juu ya gunia. Nikaingia, nikapiga goti mbele yake kama alivyonifundisha, nikatoa salamu ya mchana.

"Mwadila, mayu."

Nyundo zote zilisimama isipokuwa ya kwake. Aligonga jiwe mpaka likapasuka, akalitazama ndani, akalitupa.

"Asante sana kwa swali lako zuri," alisema.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Nilibaki nimepiga goti, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu mwenyewe, na sijawahi kuona aibu ya namna ile. Alijua. Wote walijua tangu neno la kwanza kwamba hapakuwa na mgeni pale studio. Mtu aliye hai, hata awe mjinga kiasi gani, akisalimiwa huitikia. Mama mdogo alikuwa amekaa hapa mbele ya wenzake, karasha zimezimwa kwa ajili yake, akimsikiliza mtoto wake akiongea na kitu kisicho na masikio, na kujifanya kinaongea naye.

Hakuninyooshea kidole mlangoni. Nilisimama mwenyewe, nikatoka, nikaenda mpaka kwenye barabara ya malori. Yale maneno niliyoyapanga kwenye gari niliyatafuta, sikuyaona. Nikarudi, nikaingia, nikapiga goti.

"Mwadila, mayu."

Safari hii aliweka nyundo chini. "Jumatatu asubuhi," aliniuliza, "utaanza na nini?"

"Nitasema mgeni hakuwepo," nikamwambia. "Nitasema ilikuwa flashi, na maswali waliyaandika wao, na kosa la salamu ni langu. Halafu nitamwomba radhi yule mgombea."

"Kabla ya matangazo au baada?"

"Kabla."

"Watakuacha uendelee na kipindi?"

"Hawataniacha, mayu."

Akanitazama muda mrefu, kama anavyotazama jiwe. Kisha akasogea kidogo juu ya gunia lake, akanipa nafasi ya kukaa.

"Mwadila, ng'wana wane," akaitikia, akiniita mwanangu. "Watoto wazima?"